Miaka 18 au 21? Historia Inavyotufundisha Kuhusu Umri wa Kunywa Pombe

Sheria ya Malawi inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Julai 2025 Kenya ilitoa sera inayopendekeza umri huo upandishwe hadi 21, na je, Malawi nayo ifuate? Mimi ninaishi Dzaleka na nina mdogo wangu wa miaka 15, kwa hiyo swali hili kwangu si la darasani tu.

Wanaotaka 21 wana ushahidi. Miaka ya 1970 majimbo mengi ya Marekani yalishusha umri wa kunywa, na ajali za vijana barabarani zikaongezeka. Mwaka 1984 ikapitishwa sheria kwamba jimbo litakalokataa 21 litapunguziwa fedha za barabara. Majimbo yote yakakubali, na vifo vikapungua. Lakini kule kulikuwa na duka lenye leseni, muuzaji anayeogopa kunyang'anywa leseni hiyo, na mnunuzi mwenye kitambulisho.

Kwetu Afrika historia ni nyingine. Kwa Mkataba wa Saint-Germain wa 1919, wakoloni walikataza kutengeneza pombe kali katika sehemu kubwa ya bara hili. Katika makoloni mengi Mwafrika hakuruhusiwa kunywa pombe kali ya Kizungu hata akiwa na mvi. Mbele ya sheria alikuwa mtoto maisha yake yote. Je, pombe kali iliisha? Hapana. Watu walipika kwa siri. Hapa Malawi kachasu inapikwa mpaka leo, haina lebo, na anayeiuza haulizi umri wa mtu.

Tena tujiulize kwa nini kijana anaitafuta. Dzaleka ilikuwa gereza wakati wa Kamuzu Banda, ikawa kambi mwaka 1994, ikapangiwa watu kama 10,000. Leo tumezidi 50,000. Mwaka 2023 serikali iliwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakifanya biashara Lilongwe na kwingineko. Kijana aliyemaliza sekondari, asiye na kazi wala ruhusa ya kuitafuta mjini, hazuiwi na namba iliyoandikwa kwenye sheria.

Tanzania ilijaribu njia nyingine. Tarehe 1 Machi 2017 ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya pakiti ndogo ambayo hata mwanafunzi aliweza kuinunua kwa sarafu na kuificha mfukoni. Marufuku hiyo haikugusa umri. Iligusa bidhaa yenyewe na wauzaji wake.

Kwa hiyo ninaona Malawi ibaki na 18, ila iisimamie kweli. Kupandisha hadi 21 kutawabana wenye baa za Lilongwe, ambako angalau kuna leseni ya kukaguliwa. Kwa mdogo wangu hakutabadilisha kitu, kwa sababu hata hiyo 18 bado hajaiona ikifanya kazi.