Mali ya Mababu Iliyosahauliwa: Nani Anairithi na Inagawiwa Vipi?



Hutokea katika familia zetu visiwani kwamba sanduku la bibi linafunguliwa na ndani yake ikaonekana hati ya zamani ya nyumba au shamba la mikarafuu, kwa jina la baba wa babu. Aliyeiona hati huiona mali kuwa ni yake, anayechuma karafuu naye hudai ni yake, na jamaa walio mbali husahauliwa.

Hukumu yake ni kwamba mali hiyo ni ya warithi wa aliyeiacha tokea saa aliyofariki. Kupita miaka 60 au 100 hakuondoshi haki ya mrithi. Katika Suratun-Nisaa, Aayah ya 7, Allaah Amebainisha kuwa wanaume na wanawake wote wana fungu katika walichokiacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi.

1. Hakikisheni kwanza kuwa ni mali ya urithi

- Someni hati yote. Ikiwa marehemu aliiweka wakfu, hairithiwi wala haiuzwi, bali inafuata masharti ya aliyeiwakifu.
- Hati ya rahani si hati ya kununua. Huenda babu alikuwa amewekewa rahani tu mali ya mwengine.
- Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ya Zanzibar iliwekwa chini ya Serikali, na mashamba mengi yaligawiwa wananchi kwa eka tatu tatu. Kwa hiyo hati ya kabla ya hapo haitoshi peke yake.
- Visiwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Ulizeni kilichoachwa ni kipi.
- Deni la marehemu likijulikana hulipwa kwanza, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo mirathi.

2. Gaweni kifo baada ya kifo

Kosa kubwa ni kuwakusanya wajukuu na vitukuu waliopo leo na kuwagawia sawa sawa. Warithi wanapofariki kabla ya mali kugawiwa, wanavyuoni huita hali hiyo munaasakhaat: kila kifo kina mgawanyo wake, kwa mpangilio wake.

Mfano: Mzee alifariki akaacha mke, mtoto mwanamume na mtoto mwanamke. Mali inafanywa hisa 24: mke 3 (thumni), mwana 14, binti 7. Kisha mke, ambaye ni mama yao na hana mrithi mwengine, akafariki. Hisa zake 3 zinawaendea wao: mwana anakuwa na 16, binti 8.

Binti akafariki, akaacha mume, wana wawili na mabinti wawili. Mume anapata 2 (robo), kila mwana 2, kila binti 1. Mume huyo akifariki, hisa zake 2 zinakwenda kwa warithi wake, wakiwemo watoto wa mke mwengine ingawa hawana damu na Mzee.

Mwana naye akafariki, akaacha mke, wana watatu na binti mmoja. Katika hisa 16, mke anapata 2, kila mwana 4, binti 2. Basi mmoja wa wana hawa akiwa ndiye aliyeikuta hati, haki yake ni hisa 4 katika 24, yaani sudusi.

3. Nani alitangulia kufa?

Mtoto aliyefariki kabla ya baba yake harithi, na watoto wake huzuiwa wakiwepo ami zao. Lakini akifariki baada ya baba, hata kwa siku moja, fungu lake ni la warithi wake. Waliokufa pamoja, kama katika chombo kilichozama, na haikujulikana nani alitangulia, hawarithiani kwa rai ya Jumhuri ya wanavyuoni. Basi andikeni tarehe za vifo kabla wazee hawajaondoka.

4. Yatima na walio mbali

Kulitunza shamba hakumfanyi mtu kuwa mmiliki. Mavuno yaliyokwishaliwa, warithi baleghe wanaweza kusamehe kwa ridhaa yao. Fungu la yatima hakuna awezaye kulisamehe. Aliye Oman au Uingereza, na dada aliyeolewa, fungu lake liko pale pale, na si halali kumsainisha kitu asichokielewa.

5. Pa kwenda

Kabla ya kuuza au kujenga, orodhesheni warithi wote kisha nendeni Mahakama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hapa tumetaja kanuni tu. Mgawanyo wa familia yenu unategemea nani alikuwa hai siku ya kila kifo.

Na Allaah Anajua zaidi.