Maltipo Sklerosisi katika Historia ya Buna na Kaskazini Mashariki ya Kenya

Buna, mji mdogo wa Kaunti ya Wajir ulio kwenye njia ya kwenda Moyale, karibu digrii 3 kaskazini ya ikweta, umo katika ukanda ambao wanatiba wa karne ya 20 waliuona kuwa karibu hauna maltipo sklerosisi. Katika ugonjwa huo, ambao Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kina mjini Paris mwaka 1868, kinga ya mwili huushambulia utando wa mafuta uitwao mayelini, unaozifunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo, na kuacha makovu yanayokatiza mawasiliano baina ya ubongo na viungo. Mgonjwa hupungukiwa na nuru ya jicho moja, hufa ganzi au huishiwa nguvu za miguu, kisha mara nyingi, hasa katika miaka ya mwanzo, hupata nafuu baada ya wiki kadhaa kabla ya kushikwa tena.

Uadimu huo una sababu za kweli. Jua la mwaka mzima huuwezesha mwili kujitengenezea vitamini D, ambayo upungufu wake huambatana na ugonjwa huu, na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe wa saratani uliotoka Uganda, huwaambukiza watoto wa Afrika Mashariki wakiwa wadogo sana, ilhali katika nchi tajiri wengi huambukizwa wakiwa vijana, umri ambao huenda una hatari zaidi. Utafiti wa mwaka 2022 miongoni mwa wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha kuwa maambukizi hayo huongeza uwezekano wa kuugua mara 32.

Hata hivyo jua na virusi havitoshi kueleza kimya cha kumbukumbu za Buna, kwa kuwa ugonjwa usiotafutwa hauonekani. Serikali ya kikoloni iliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojumuisha Buna, kuwa eneo lililofungwa, ambamo watu hawakuingia wala kutoka bila kibali. Mwaka 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, Waitaliano waliiteka Buna. Baada ya uhuru vikafuata vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, na hali ya hatari haikuondolewa hadi mwaka 1991. Kwa hiyo miaka ya 1980, mashine za MRI zilipoanza kuyaonyesha makovu ya ubongo wa mgonjwa aliye hai, wananchi wa eneo hili walikuwa bado wakitawaliwa kwa sheria za dharura, wakiwa mbali na daktari yeyote wa neva.

Wafugaji, Waajuran na majirani zao, hawakukaa bila tiba. Aliyepooza alisomewa Kurani, na wajuzi wa kuchoma walimgusisha mgongoni au kiunoni kijiti au chuma kilichopashwa moto, kikaacha makovu ya mviringo ambayo wahudumu wa zahanati huyaona mpaka leo. Kwa kuwa shambulio la maltipo sklerosisi huweza kutulia lenyewe, mgonjwa wa aina hiyo aliyechomwa leo na kutembea mwezi ujao alikuwa na kila sababu ya kuamini moto, na si haki kuiita imani hiyo ujinga. Lililo gumu zaidi ni joto lenyewe: tangu Wilhelm Uhthoff alipoeleza jambo hilo mwaka 1890, inajulikana kuwa mwili ukipata joto dalili huzidi kwa muda, hivyo mchunga ngamia mwenye ugonjwa huu angelegea miguu adhuhuri na kupata ahueni usiku, na wenzake wangeweza kudhani ni uvivu au jini.

Ugatuzi wa mwaka 2013 uliziweka hospitali chini ya kaunti, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za maltipo sklerosisi katika orodha ya dawa muhimu, mojawapo ikiwa rituksimabu, ambayo hutumika pia kutibu saratani ya tezi za limfu. Garissa tayari ina kituo cha saratani cha kanda, ambako dawa hiyo ingeweza kutolewa. Kaunti za Kaskazini Mashariki na zishirikiane kuajiri daktari wa neva atakayefanya kazi huko huko, ili anayepofuka jicho moja Buna apimwe mapema, kabla miguu haijamwishia.