Gari Juu ya Mawe

Wiki hii nilitaka kuandika siasa kama kawaida yangu, lakini kuna Peugeot 504 imenikaa kichwani na haitoki.

Gari lenyewe lipo kwenye uchochoro wetu, Magomeni, tangu sijazaliwa. Halina matairi, limepandishwa juu ya mawe. Utotoni wote tulikuwa madereva wake. Sasa Jumatano usiku jirani yetu alishikwa na uchungu, bajaji ikaitwa, ikashindwa kupita. Upande mmoja gari, upande wa pili kifusi. Ikabidi dada wa watu abebwe kwenye kiti cha plastiki mpaka barabara kubwa. Namshukuru Mungu alijifungua salama.

Asubuhi yake vijana wakaamka na hasira: likatwe, liuzwe vyuma chakavu! Bibi mwenye gari, ambaye ni mjane, akatoka na kanga yake, akakaa juu ya boneti. Kimya.

Nikasogea. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Na wewe umekuja kupima kilo?"

Nilicheka kwa aibu. Akaniambia marehemu mumewe alilinunua kwa mkopo mwaka 1976, wakalifanya teksi, likasomesha watoto. Mwaka 1981 likaharibika pampu ya maji. Pampu tu! Mzee akasema spea itakuja. Haikuja.

Wenzangu tuliozaliwa juzi tunaweza kudhani mzee alikuwa mzembe. Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda dunia nzima. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Mwaka 1978 Idi Amin akavamia Kagera, tukapigana naye, vita vikaisha 1979, mwaka ambao mafuta yalipanda tena. Hazina ya fedha za kigeni ikakauka. Na spea hainunuliwi Ufaransa kwa shilingi. Mtu binafsi kupata fedha za kigeni kwa ajili ya pampu ilikuwa kama kuomba mvua kiangazi. Mafuta nayo yalibanwa, mpaka kuendesha gari Jumapili mchana baada ya saa 8 bila kibali likawa kosa.

Serikali yenyewe haikupona. Shirika la UDA, lililoanzishwa 1974, lilikuwa na mabasi mengi yamelala kwa kukosa vipuri. Watu binafsi wakabeba abiria kwa kujificha, mpaka mwaka 1983 serikali ilipowaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi 5, yaani "dala", ndipo tukapata daladala.

Katika hali hiyo gari bovu halikuwa takataka, lilikuwa bohari. Fundi alichomoa dinamo hapa akaiweka kule, mlango wa hili ukafungwa lile. Mwenye gari lililolala alikuwa na akiba, na hakuna mwenye akili aliyetupa akiba. Mimi naamini hata ule msemo wetu wa mtaani, kwamba fulani "yuko juu ya mawe" akiwa hana hela, umetoka kwenye magari haya. Aliyewekwa juu ya mawe hajafa, anasubiri spea.

Bajeti ya 1984 ikaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Mwaka uliofuata akaja Mzee Mwinyi, Mzee Rukhsa, milango ikazidi kufunguka. Baadaye ikaja mitumba ya Japani, ambako wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Hapo hesabu ikageuka. Gari likifa injini, mtu anatafuta jingine, lile la kwanza analiacha palepale. Tabia ya kutunza ikabaki, sababu yake ikaondoka.

Kulikuwa na kitu kimoja kilichowasumbua wenye magari mafu: ada ya leseni ya kila mwaka. Deni liliendelea kukua hata kama gari halina injini. Bajeti ya Juni 2017 ikaifuta ada hiyo na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Haki kabisa. Ila tangu hapo gari bovu halimdai mwenyewe chochote. Linawadai majirani tu.

Na wanalipa. Mbu wa homa ya kidingapopo, iliyotutesa Dar mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji yaliyotuama, na gari bovu lina matairi na mabati ya kuyatuamisha.

"Si manispaa waje walivute?" Sheria ya mamlaka za miji ya 1982 inazipa halmashauri kazi ya kuondoa kero. Lakini gari lina kadi, na huku kwetu gari linauzwa mara tatu, kadi bado ina jina la mtu wa kwanza, labda keshakufa. Ukilivuta, unamwandikia nani barua?

Jana tukakaa kikao kwa mjumbe. Bibi akauliza swali moja: "Na kile kifusi ni cha nani?" Wadau, kimya kilichofuata! Kifusi ni cha nyumba wanayopanga walewale vijana waliotaka kukata gari. Kimekaa mwaka wa tatu.

Tukakubaliana. Kifusi kwanza, kikazolewa jana hiyohiyo. Leo asubuhi tumelisogeza gari mpaka ukutani, watu kumi na wawili, na bajaji inapita. Bibi kapewa muda mpaka baada ya Idd atafute mnunuzi mwenyewe, na fedha ni zake zote.

Nadhani hivyo ndivyo hata halmashauri zingefanya: tangazo mtaani, muda unaojulikana, na likiuzwa, chenji irudi kwa mwenyewe. Kukata gari la mjane usiku si usafi, ni wizi. Kuliacha mpaka mama mjamzito abebwe kwenye kiti nako si heshima kwa marehemu.

Mtaani kwenu mnafanyaje? Naomba kuwasilisha.