Picha za Mji Wetu

Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi neno "picha" lina mlango mpana. Picha ni ile sura iliyochapwa kwenye karatasi, ambayo mama huitunza sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Picha ni ile iliyopakwa rangi na fundi na kutundikwa ukutani. Tena ni picha ile inayotembea juu ya kitambaa cheupe, ambayo wengine huiita sinema. Basi mwaka 2008 vijana wa mji huu walipotaka kuwaita watu watazame picha na filamu pamoja, hawakwenda mbali kutafuta jina. Mkutano wao waliuita Picha. Leo twapenda kueleza ulitoka wapi, maana haukuota usiku mmoja kama uyoga.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, nao ukaitwa Elisabethville. Watu walikuja kutoka vijiji vya Katanga, kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, hata kutoka Ruanda-Urundi. Kampuni ya Union Minière iliwaweka katika kambi zake. Mchana ulikuwa wa kazi. Lakini jioni na Jumapili zilikuwa tupu, na kampuni, serikali na misioni, kila mmoja alitafuta namna ya kuzijaza. Ndipo ukaja mpira wa miguu, zikaja tarumbeta, ikaja skauti, ikaja sinema.

Siku ya sinema kitambaa kilitandazwa uwanjani, na watu wakangoja giza liingie. Mfasiri alisimama karibu na mashine akieleza kwa lugha ya watu yaliyokuwa yakipita mbele yao. Mzee mmoja mstaafu tuliyezungumza naye alikuwa amekwisha kusahau hadithi zenyewe alizozitazama utotoni; aliyemkumbuka ni mfasiri, na jinsi alivyowachekesha watu kwa maneno ambayo pengine hayakuwamo katika filamu. Twaona jambo kubwa hapo. Picha ilitoka mbali, lakini maneno yalikuwa ya mji.

Hata hivyo si kila picha iliruhusiwa. Kwa amri ya mwaka 1945, Mkongo hakuweza kutazama ila filamu iliyokubaliwa na tume ya serikali. Wakubwa waliamini kwamba Mwafrika hafahamu sinema kama Mzungu afahamuvyo, kwamba yampasa kupewa hadithi fupi, nyepesi, iendayo polepole. Filamu moja iliweza kuoneshwa Wazungu mjini, na mtu mzima wa kambini, baba wa watoto, akakatazwa kuiona.

Wamisionari nao waliingia katika kazi hiyo, wakatengeneza filamu humu humu nchini. Padri Alexandre Van den Heuvel wa Léopoldville alitoa filamu za michoro za Mboloko, yule paa mdogo mwenye akili, ambaye Waluba humwita Kabuluku. Padri Albert Van Haelst wa Luluabourg alitoa vichekesho vya Matamata na Pilipili. Kule Bukavu Padri Roger De Vloo alikuwa na nyumba ya filamu iliyoitwa Africa Films. Twawasifu kwa bidii yao, maana waliona kwamba Mkongo ataka kujiona mwenyewe juu ya kitambaa. Lakini sisi wa misioni yatupasa kusema kweli yote: wachezaji walikuwa Wakongo, ila mkono ulioshika mashine na kichwa kilichochagua fundisho vilikuwa vya mtu mwingine.

Tazameni mpira. Mwaka 1939 mapadri Wabenedikto walianzisha timu kwa ajili ya vijana wao. Timu hiyo ndiyo Mazembe ya leo, na mwaka 2010 ilifika fainali ya kombe la vilabu vya dunia, ikapambana na Inter ya Milano. Mpira ulipita mikononi mwa mji upesi, kwa sababu mpira mmoja watosha watoto ishirini. Mashine ya filamu ilikuwa ghali, nayo ilikawia.

Lakini mji haukukaa bure ukingoja. Kundi la Mufwankolo lilicheza michezo yake kwa Kiswahili chetu katika redio na televisheni, na watu wakajisikia nyumbani. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alipaka rangi historia nzima ya nchi, picha baada ya picha, akaieleza kwa maneno yake mwenyewe. Hao ndio waliofungua njia.

Kisha ikaja njaa. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufikisha hata tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi karibu 10,000 waliachishwa. Kazi ilipokufa, na mambo yote yaliyoshikamana na kambi yalidhoofika: shule, hospitali, michezo ya jioni. Kila mtu akatazama video nyumbani mwake, au kwa jirani mwenye umeme.

Katika magofu hayo kijana wa mji, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi, akaziweka juu ya picha mpya za viwanda vilivyobomoka. Kazi hiyo ya mwaka 2006 aliiita Kumbukumbu, kwa Kifaransa Mémoire. Miaka miwili baadaye, yeye na mwandishi Patrick Mudekereza pamoja na wenzao walianzisha Picha. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2010, mji ulipotimiza miaka 100 na uhuru miaka 50. Wakakutana tena mwaka 2013, 2015, 2017, 2019 na 2022, na wageni wakaja kutoka nchi nyingi. Ndugu zetu wa Goma walikuwa wametangulia: mwaka 2005 Petna Ndaliko Katondolo na Yole!Africa walianzisha tamasha la filamu la Salaam Kivu, nalo lina jina la Kiswahili.

Basi, je, safari imekwisha? La. Zamani filamu ilitoka mbali ikaja kutazamwa kambini. Leo twaweza kuingia hatari ya pili: picha zitoke kambini zikatazamwe mbali, na mwenye sura asizione. Tamasha la mji litapimwa kwa watu wa Kamalondo, wa Kenya na wa Katuba watakaoketi mbele ya kitambaa, wakicheka na kubishana kama walivyobishana na mfasiri wa zamani. Wakuu wa tamasha wasichoke kuwaendea. Nasi tusingoje kubebwa.

Tena kuna kazi isiyotaka mashine wala fedha. Wastaafu wa migodi wanatutoka kila mwaka. Katika nyumba zao mna picha za kazini, za arusi, za timu na za skauti, na majina ya watu walio humo yamo katika kichwa cha mzee tu. Picha isiyo na jina ni kama kaburi lisilo na msalaba. Jumapili hii, baada ya Misa, mwombe mzee wako afungue sanduku. Muulize huyu ni nani, alifanya kazi wapi, alifariki lini. Andika nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, taratibu, usiichane. Siku vijana watakapotaka kutengeneza filamu juu ya mji huu, wasiambiwe kwamba hakuna aliyekumbuka.