Nani Atamtetea Karani wa Mizani?

Wiki hii nataka tumzungumze mtu ambaye wengi wetu hatumpendi. Si mwizi. Ni wakili anayesimama mahakamani kumtetea mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa kalamu: mhasibu, meneja, mkurugenzi au mfanyabiashara mwenye tai shingoni. Kila kesi kubwa ya uhujumu uchumi inapotajwa redioni, wasikilizaji huniuliza swali lile lile: "Huyu wakili haoni haya kula fedha zetu pamoja na mteja wake?"

Jibu la swali hilo liko katika historia yetu wenyewe, kwa sababu nchi hii imekwisha kujaribu kuendesha kesi hizo bila mawakili.

Turudi mwaka 1983. Taifa lilikuwa limetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hazina haina fedha za kigeni na mafuta yamepanda bei. Sabuni, sukari na khanga vikawa vitu vya kupangia foleni. Mimi nilikuwa mtoto mdogo kwetu Mbinga, mkoani Ruvuma, na mengi ya wakati ule nimeyapata kwa wazee. Wanasema foleni ilikuwa ndefu mlimani kwa Wamatengo, na ndefu vilevile kule ziwani, Mbamba Bay na Liuli. Lakini ng'ambo ya Ziwa Nyasa ni Malawi, na mtumbwi haujui foleni. Mtu aliyekutwa na katoni mbili za sabuni alikuwa na kazi ya kueleza zimetoka wapi.

Machi mwaka huo, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine akaanzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Watu zaidi ya elfu moja walikamatwa nchi nzima. Wananchi walishangilia, na walikuwa na sababu, kwa kuwa bidhaa walizoambiwa hazipo zilikutwa zimefichwa maghalani. Mimi si miongoni mwa wanaoubeza msako ule, wala simtilii shaka Sokoine kwamba aliwapenda wanyonge.

Tatizo lilikuwa sheria. Ile ya 1983 iliunda baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo nje ya mahakama za kawaida. Mshtakiwa hakuwa na dhamana, hakuruhusiwa wakili, na sheria yenyewe ikapewa nguvu ya kurudi nyuma. Hoja ilikuwa kwamba mawakili wangechelewesha haki na kuwaokoa matajiri. Matokeo yake mfanyabiashara mkubwa na mwenye duka la kijijini wote walisimama peke yao mbele ya baraza. Nawauliza, katika hao wawili, nani anajua kujieleza mbele ya wakubwa? Sheria iliyokusudiwa kumnyima tajiri ngao ilimnyima kwanza maskini.

Wazo hilo halikuanza 1983. Mwaka 1929, enzi za Gavana Donald Cameron, Waingereza walitunga sheria ya mahakama za wenyeji. Waliziondoa mahakama hizo chini ya majaji wakaziweka chini ya maofisa wa utawala, na mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Ofisa aliyetawala ndiye aliyesimamia pia hukumu. Kesi ya ngedere ikapelekwa kwa nyani. Hata baada ya Uhuru, mahakama zetu za mwanzo ziliendelea kwa miongo mingi bila mawakili.

Sasa sikilizeni lililofuata. Sokoine alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huo huo Bunge lilitunga Sheria ya Uhujumu Uchumi, namba 13 ya 1984, iliyoifuta ile ya mwaka mmoja nyuma. Kesi zikarudishwa Mahakama Kuu na mshtakiwa akaruhusiwa wakili. Mwaka huo pia Katiba yetu iliingiziwa haki za msingi, ikiwamo ile ya mtu kutohesabiwa mkosaji mpaka ithibitike. Hapo ndipo kazi ya wakili wa kesi za uhujumu ilipopata mlango wa kuingilia.

Kazi yenyewe ni ipi? Chukueni mfano wa kahawa, zao lililotusomesha watoto wengi wa Mbinga. Karani wa chama cha msingi anapima kahawa ya wakulima na kuandika stakabadhi. Magunia yanakaa ghalani, kisha yanapelekwa kiwandani kukobolewa. Kule uzito unaonekana pungufu. Mkaguzi wa hesabu anapiga mstari mwekundu, na karani anashtakiwa kwa wizi.

Wakili anayejua kazi yake haanzi na hotuba. Anauliza: je, kahawa ilipimwa unyevu siku ilipopokelewa? Maana kahawa inapokauka hupungua uzito bila kuibwa. Mizani ilihakikiwa lini? Ufunguo wa ghala walikuwa nao watu wangapi? Saini hii ni ya nani? Mkaguzi aliziona stakabadhi zenyewe, au aliona nakala tu? Akipata majibu mazito, mteja wake atafungwa na atastahili. Asipoyapata, basi mwizi halisi bado yuko nje, pengine ofisini, anakunywa chai.

Mmatengo analima mlima mkali kwa ngolo, yale mashimo yanayopangwa mteremkoni. Ngolo haizuii mvua. Inayapunguza maji kasi yasiuchukue udongo. Maswali ya wakili ni ngolo ya mahakama.

Angalieni kesi iliyotikisa nchi, ya mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona pamoja na aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina, Gray Mgonja. Walishtakiwa mwaka 2008 juu ya msamaha wa kodi uliodaiwa kuitia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7. Julai 2015 mahakama ya Kisutu iliwahukumu wawili wa kwanza kifungo cha miaka mitatu, ikamwachia huru Mgonja. Mawakili walikuwapo na kifungo kilikuwapo. Bila utetezi, watu watatu wangeweza kubebwa katika kapu moja.

Lakini historia haikuishia kwenye ushindi. Kosa la utakatishaji fedha halikuwa na dhamana. Septemba 2019, Rais Magufuli alipotoa nafasi kwa washtakiwa wa uhujumu kukiri na kurejesha fedha, Mkurugenzi wa Mashtaka alitangaza kwamba watu 467 walikuwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Hazina ilifurahi. Mimi nilijiuliza: kati yao, wangapi walikiri kwa kuwa waliiba, na wangapi kwa kuwa wamechoka rumande? Mei 2020 Mahakama Kuu iliona kwamba kifungu cha kunyima dhamana kinapingana na Katiba. Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo.

Na liko jambo linaloniuma zaidi. Mwenye tai ana mawakili wanne. Karani wa mizani hana hata mmoja. Kwa miaka mingi, shauri la uhujumu lenye mali ya shilingi milioni 10 au zaidi lilimlazimu mshtakiwa kuomba dhamana Mahakama Kuu, na akikubaliwa, aweke fedha au hati ya mali ya thamani ya nusu ya kinachodaiwa. Mtu wa Lituhi au Liuli atapata wapi nusu hiyo? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imefungua njia, lakini karatasi ya sheria haipandi basi kwenda kijijini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusimwonee wivu mwenye mawakili wanne. Tudai karani apate mmoja, tangu siku anayoandikisha maelezo polisi. Serikali iliyo na ushahidi haina sababu ya kumwogopa wakili wa karani.