Gavana Aliyeonja Utumwa

Álvar Núñez Cabeza de Vaca alikuwa Mhispania aliyesafiri mwaka 1527 pamoja na jeshi lililotumwa kuiteka Florida. Njaa, maradhi na vita vikawapunguza. Na mwaka 1528 mashua zao zikavunjika katika pwani ya nchi iitwayo sasa Texas. Katika watu 300 hivi walioingia bara, wanne tu walifika Mexico mwaka 1536, mmoja wao Mwafrika wa Morocco, jina lake Estevanico. Miaka ile mteka nchi alikwenda uchi, akalishwa na wenyeji, tena akawatumikia kama mtumwa.

Mwaka 1540 mfalme alimfanya gavana wa Río de la Plata. Ingawa huko mwenyewe alipigana na Waguaycuru, aliwakataza walowezi wa Asunción kuwaonea wenyeji. Nao wakakasirika, wakamkamata mwaka 1544, wakamrudisha Hispania akiwa mfungwa. Basi, gavana aliujua uchungu wa utumwa kwa kuwa aliuonja. Walowezi wake walionja faida yake tu.