Ukoo wa Kunta Kinte Waingia Sebuleni

Jumapili ya tarehe 23 Januari 1977, kituo cha televisheni cha ABC nchini Marekani kilianza kuonyesha Roots, tamthilia iliyotokana na kitabu cha Alex Haley kilichotoka mwaka uliotangulia. Siku hizo tamthilia ndefu ilionyeshwa mara moja kwa wiki. Fred Silverman, mkuu wa vipindi, aliamua hii iende usiku nane mfululizo. Wakubwa wa kituo walikuwa na hofu: watazamaji wakiikataa, basi aibu iishe upesi, kabla ya hesabu za watazamaji za mwezi Februari.

Hofu hiyo inaonekana hata katika kuwagawia waigizaji nafasi zao. Weupe waliokwisha kupendwa majumbani waliingizwa kwa wingi: Lorne Greene wa Bonanza, Ralph Waite wa The Waltons, na Ed Asner kama nahodha wa meli ya watumwa anayesutwa na dhamiri yake. Kunta Kinte mwenyewe, kijana Mmandinka anayetekwa Gambia na kufanywa mtumwa Virginia, alipewa LeVar Burton, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 19 ambaye uso wake haukujulikana na mtu.

Na ni uso wake watu waliobaki nao. Kunta amefungwa mikono juu, wenzake wamesimamishwa watazame, mjeledi unamshukia mgongoni. Anaulizwa jina lake, anajibu Kunta. Anachapwa tena, anaulizwa tena. Mwishowe sauti inamtoka kwa shida: Toby. Anapofunguliwa, Fiddler, mzee mpiga fidla anayeigizwa na Louis Gossett Jr., anampakata na kumwambia kwamba jina lile ni la wazungu tu. Hadi hapo filamu na televisheni za Marekani zilikuwa zimemzoesha mtazamaji kuutazama utumwa akiwa kwenye veranda ya bwana shamba. Hapa aliwekwa ndani ya familia iliyonyang'anywa jina, kisha akaifuata kupitia binti, mjukuu na kitukuu.

Sehemu ya mwisho ilitazamwa na watu wanaokadiriwa kufikia milioni 100, idadi ambayo tamthilia yoyote ya televisheni ya Marekani haikuwahi kuifikia hapo awali. Watoto waliozaliwa wakapewa majina ya Kunta na ya binti yake, Kizzy. Weusi kwa weupe wakamiminika kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka kutafuta wazee wao.

Haley alikuwa ameanzia mbali. Utotoni, huko Henning, Tennessee, aliketi barazani akimsikiliza bibi yake na ndugu zake wakisimulia habari za Mwafrika aliyeuita mto "Kamby Bolongo". Mwaka 1967 alifika Juffure, kando ya Mto Gambia, ambako mzee Kebba Kanji Fofana alimsimulia ukoo wa Kinte hadi kijana aliyetoweka alipokwenda kukata kuni.

Simulizi hiyo haikusimama imara ilipopimwa. Mwaka 1977 huohuo mwandishi wa habari wa Uingereza, Mark Ottaway, alionyesha kuwa Fofana huenda alijua mapema mgeni wake alitaka kusikia nini. Watafiti wa nasaba Gary na Elizabeth Shown Mills wakapekua nyaraka za Virginia na kumkuta Toby akiwa shambani kabla ya mwaka 1767, mwaka ambao meli ya Lord Ligonier, iliyodaiwa kumleta Kunta, ilitia nanga Annapolis. Mwaka 1978 Haley alimlipa Harold Courlander dola 650,000 kumaliza kesi ya kunakili riwaya yake, The African. Haya ni makosa mazito, na hayafai kufichwa kwa sababu tu tunaipenda kazi yenyewe. Lakini mjeledi, mnada na mtoto aliyeuzwa mbali na mama yake havikubuniwa na Haley.

Kwa Waafrika, kasoro kubwa zaidi iko Juffure. Tamthilia ya 1977 iliichora kama kijiji kitulivu kilichojitenga na dunia, ilhali kilikuwa jirani na vituo vya biashara vya Wazungu, kikiwa na ngome ya Waingereza kisiwani, mtoni hapohapo. Mwaka 2016 Roots ilipoigizwa upya, Mark Wolper, mwana wa David Wolper aliyetayarisha ile ya kwanza, alikuwa miongoni mwa watayarishaji, pamoja na LeVar Burton. Safari hii wanahistoria walishirikishwa, na Juffure ikaonekana kama mji wa biashara wenye pilikapilika, huku Kunta akifunzwa kupanda farasi kama shujaa wa Kimandinka.